Jino la Lumumba na kilio chetu

Sisi wa Masisi na Walikale hatuna desturi ya kuchoma maiti na kubeba majivu. Mtu wetu tunamzika mu udongo wa kwao. Njo maana safari ya jino la Lumumba ilitugusa. Aliuawa tarehe 17/1/1961 huko Katanga, mwili ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Ubeljiji ilirudisha jino moja tarehe 20/6/2022. Likazikwa Kinshasa tarehe 30/6.

Tunasifu jambo moja: jeneza lilipelekwa kwanza Onalua, kijijini kwake, ndugu zake wakalia. Lakini kuliweka Limete, kando ya barabara kubwa, ilikuwa kupendeza serikali kuliko ukoo. Mwaka 2024 watu waliharibu jengo lile.

Hata hivyo funzo liko. Vita imetawanya watu wetu; wengi wamezikwa ukimbizini, wengine hawakuonekana tena. Wako wanaosema bila maiti matanga haiishe. Sisi tunakataa. Kama jino moja lilitosha kwa kilio cha taifa nzima, basi jina likitajwa mbele ya ukoo linatosha pia. Wazee, muruhusu wajane wamalize kilio.