Kumchagua Mtu wa Kwenda Kacyiru

Wasifu wa anayeomba kuongoza kitengo cha mahusiano na serikali katika kampuni ya teknolojia hapa Kigali, yaani mtu wa kwenda Kacyiru kwenye ofisi za serikali, huanza na majina ya wakubwa aliokula nao. Ukurasa huo mimi huuruka. Mji wenyewe mdogo, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, unaweza kumkuta mkurugenzi wa wizara ameshika jembe hatua tatu kutoka ulipo. Kufahamiana na wakubwa hakumshindi mtu hapa. Kinachowashinda wengi ni kusoma.

Kwa hiyo mwekee mezani Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi, iliyotoka Oktoba 2021, umwambie: kampuni inataka kuhamishia data za wateja kwenye seva za Ulaya, tufanyeje? Mbabaishaji atakwambia ana mtu wake serikalini. Mwanagenzi ataomba wiki moja awaulize mawakili. Fundi atafungua kifungu cha 50, kinachotaka data zitunzwe Rwanda, na kumruhusu kuzitunza nje yule tu mwenye cheti cha mamlaka ya usalama wa mtandao. Kisha atahakiki neno kwenye safu ya Kinyarwanda, maana Gazeti la Serikali huchapa sheria kwa lugha tatu. Niliwahi kumwona mgombea akiweka kidole kimoja kwenye safu ya Kinyarwanda na kingine kwenye ya Kiingereza, akishuka navyo taratibu kama muuza duka anayelinganisha risiti. Sikumuuliza tena swali la sheria.

Halafu muulize mara ya mwisho kumkatalia bosi wake ilikuwa lini. Wengi hucheka, wakidhani unatania. Mwaka 2017 RURA, mdhibiti wa mawasiliano, iliitoza MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuendeshea huduma zake za TEHAMA Uganda kinyume cha leseni. Ukitaka kujua thamani ya mtu anayeweza kusimama kwenye kikao cha ndani na kusema "leseni hairuhusu", bei yake ndiyo hiyo. Asiyeweza ni tarishi aliyevaa suti.

(Aliyetoka serikalini juzi? Mzuri, mradi asikuahidi mlango wa nyuma. Anayeutaja kwenye usaili atautaja pia mbele ya watu usiotaka wausikie.)

Kazi safi kuliko zote za ufundi huu, kwangu mimi, iko angani. Kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga Oktoba 2016, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinajiuliza droni iwekwe fungu gani. Kufikia 2018 Rwanda ilikuwa na kanuni zinazomtaka mwendeshaji athibitishe usalama wa safari anayotaka kuifanya, badala ya kumfungia kwenye orodha ya vyombo. Ukikagua kazi kama hiyo, tafuta alichopata kila upande: hospitali ilipata damu, kampuni ikapata anga, na mdhibiti akapata uzoefu wa kuandikia kanuni. Mgombea anayekusimulia ushindi ambamo ofisi ya serikali haikupata chochote anakusimulia deni.

Jaribio la mwisho ndilo nilipendalo. Viongozi wa umma hapa hupimwa kwa imihigo, mikataba ya utendaji ambayo mameya wa wilaya wamekuwa wakiisaini tangu 2006, na mwaka wa fedha huanza Julai. Muulize ombi la kampuni atalipeleka mwezi gani. Akisema Juni, hajawahi kukaa upande wa pili wa meza: mwezi huo afisa anahesabu yale aliyoahidi mwaka jana, na barua yako ni mzigo tu. Yule wa vidole viwili hakutaja mwezi. Aliniuliza kwanza, "Ombi letu linamsaidia nani, kutimiza umuhigo gani?" Nilikuwa na maswali mengine sita kwenye karatasi, niliikunja nikaitia mfukoni.