Kiswahili cha Katanga: njia yake na watu wake

Katika shule nyingi hutundikwa ramani ya Kongo yenye rangi nne: Kikongo magharibi, Lingala kando ya mto na kaskazini, Tshiluba katika Kasai, Kiswahili mashariki yote hata Katanga. Ndizo lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006. Mtoto akiitazama ramani hiyo hudhani kwamba lugha huota katika udongo kama mihogo. Kuna kitabu kinachopinga wazo hilo, nacho tunataka kukipima hapa. Kiliandikwa kwa Kiingereza na Johannes Fabian, kikachapwa 1986. Jina lake Language and Colonial Power. Chaeleza habari za Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji tangu 1880 hata 1938.

Kwanza tutofautishe mambo matatu. Kuna lugha ya mama, ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa. Kuna lugha ya kukutania, ambayo watu wa makabila mbalimbali huitumia njiani, sokoni na kazini. Tena kuna mpaka wa lugha: huo si mto wala kilima, bali ni mahali watu wanapoacha kusikilizana. Ubora wa kitabu hiki ni kuonyesha kwamba lugha ya kukutania hufuata njia za watu na amri za wakubwa.

Zamani tuliambiwa habari rahisi: wafanya biashara wa Pwani walileta Kiswahili Maniema, kisha kikashuka polepole mpaka kusini. Kwa Maniema ni kweli. Nyangwe na Kasongo ilikuwa miji ya misafara. Hata Bunkeya kwa Msiri, aliyeuawa 1891, wasafiri wa mashariki walifika. Lakini mashimo ya shaba yana habari nyingine. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, nayo ilitoka kusini. Watu wengi wa kazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, pamoja na Kibemba chao. Mabwana wengine waliamuru kwa Kiingereza ao kwa lugha ya mkato iliyotoka Afrika ya Kusini. Wabelgiji waliogopa nguvu ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 walitafuta watu Kasai, Lomami, Maniema na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Basi, si misafara peke yake. Ni kazi, na utawala wa kazi. Hoja hiyo twaikubali.

Lakini tuna neno juu yake. Kitabu kimejengwa zaidi juu ya karatasi za wazungu: habari za serikali, mipango ya shule za misioni, vitabu vidogo vya kufundishia mabwana maneno ya kuamuru. Karatasi hizo zaonyesha vema nani aliagiza. Hazionyeshi vema nani alijibu, na kwa maneno gani. Fabian mwenyewe aona kwamba wakubwa hawakuweza kuifunga lugha. Ni nani basi aliyeifungua? Mama aliyebishana bei ya unga, na watoto waliocheza kati ya nyumba za kambi: hao ndio walioigeuza lugha ya amri kuwa lugha ya mama. Nao hawasikiki.

Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu kingine, chenye habari za Elisabethville zilizoandikwa 1965 na André Yav kwa Kiswahili cha mji wenyewe, upande wa watumishi wa nyumbani. Asomaye kile cha kwanza asiache hiki cha pili.

Jambo hili si la wataalamu tu. Walimu wengine huwacheka watoto wasemao «batoto» na «minaenda», wakisema ni Kiswahili kibovu. Sisi twakataa. Hiyo «ba» ni ya Kiluba na ya Kibemba. Ni alama ya njia waliyopita wazee wetu. Ni kweli, mtoto ajifunze pia Kiswahili cha vitabu, apate kusoma na kusikilizana na watu wa mbali. Lakini afundishwe kwa kuongezewa, si kwa kuaibishwa.

Na ile ramani ya rangi nne isiondolewe ukutani. Mwalimu achore juu yake reli, barabara na kambi. Ndipo itakaposema kweli.