Fundi wa Pedali na Besi wa Naivasha

Kibanda cha fundi huyu kiko mtaa wa Umoja, Nairobi, hatua chache kutoka Moi Drive. Kila asubuhi baiskeli za wachuuzi, walinzi na watoto wa shule hupinduliwa hapo magurudumu juu, zikisubiri zamu. Spana zimepangwa juu ya gunia kwa ukubwa, kuanzia nambari 8 hadi 19. Pembeni pana mkebe wa grisi, kopo la mafuta taa la kuoshea gololi, mswaki mkuukuu na vitambaa vilivyokatwa kutoka kwa fulana zilizochoka. Katikati ya haya yote, juu ya stuli mbili zilizofungwa vipande vya tyubu, imelazwa kayaki ya kijani yenye urefu wa karibu mita nne. Ina pedali.

Mwenyewe ni kijana wa Buruburu anayetaka kuanza kuvua samaki aitwaye besi katika Ziwa Naivasha. Ameinunua ikiwa imetumika, na hamu yake ni kuishusha majini upesi. Fundi, ambaye alivua Naivasha kwa kasia muda mrefu kabla ya kukutana na pedali, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa kitambaa. "Tupanguse kwanza, kijana wangu. Chombo kichafu hakikuambii kinaumwa wapi." Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama kazi hiyo, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyosadiki kwamba sehemu kubwa ya uvuvi huu humalizwa nchi kavu.

Alianza na mwili wa kayaki. Kayaki za aina hii hutengenezwa kwa unga wa polithini unaotiwa ndani ya kalibu, kalibu ikafungwa, ikazungushwa ndani ya joto mpaka unga ukayeyuka na kutanda kila upande. Matangi meusi ya maji tunayoyaona juu ya paa za Umoja na Donholm hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Fundi anaijua plastiki hii kwa kuwa ameziba matangi na mabeseni kabla ya kuziba kayaki. Alipitisha kiganja kutoka omo hadi tezi, polepole, kisha akarudi na ukucha wa kidole gumba. Mkwaruzo ambao ukucha ulipita bila kukwama aliuacha. Mmoja, chini karibu na mkuku, ulimkwamisha.

Polithini haishikwi na gundi za kawaida. Hushikana na polithini nyingine kwa moto. Alisafisha ufa kwa spiriti, akauacha ukauke. Alikwangua vipande vyembamba kutoka kwenye kipande cha plastiki ya aina ile ile, akakipasha moto kisu kipana kilichotenguka mpini, akakipitisha juu ya ufa mpaka kingo zikaanza kung'aa. Hapo ndipo aliposhindilia vile vipande, kimoja baada ya kingine, akivikanda kwa ubapa wa kisu. Kijana alileta maji ya kupoza. Fundi alitikisa kichwa. Plastiki ikipozwa kwa ghafla hujikunja na kuvuta kiungo. Iliachwa ipoe yenyewe, na wakati huo fundi alifunga breki za baiskeli mbili za wateja wengine. Baadaye alitia maji kidogo ndani ya kayaki, akaiegemeza upande ule, akapitisha karatasi kavu ya gazeti nje ya kiungo. Karatasi ilibaki kavu.

Kisha ukaja mtambo wa pedali. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya Marekani iliuza mtambo wa kwanza wa aina yake, wenye mapezi mawili yanayopepea chini ya kayaki mguu unaposukuma. Kampuni nyingine zikaja na pangaboi, na huu wa kijana ni wa pangaboi: mikono miwili ya pedali juu, nguzo inayoshuka ndani ya kisima katikati ya kayaki, na shafti fupi chini yenye pangaboi la mabawa mawili. Ndani yake mna gia za meno ya mshazari zinazougeuza mzunguko wa miguu uwe mzunguko wa shafti. Katika baadhi ya mitambo hii, pedali zikizunguka mara moja, pangaboi huzunguka takribani mara 10. Ndiyo maana miguu inaweza kwenda taratibu na chombo bado kikasonga.

Fundi aliufungua mtambo bolti kwa bolti, na kila bolti akaiweka kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutolewa: ya kwanza kona ya kushoto, ya mwisho kona ya kulia. Alipofika kwenye shafti alisimama, akachukua sindano, akaanza kuvuta kitu nyuma ya pangaboi. Ulitoka mshipi wa nailoni, mwembamba, uliojisokota na kujibana pale kwenye mpira unaozuia maji. Mshipi kama huo hukata mpira, maji huingia, grisi hugeuka nyeupe na gololi huanza kulia. Alimwonyesha kijana ule mpira chini ya mwanga wa jua, akaukunja kwa vidole kutafuta ufa. Ulikuwa mzima. Aliosha gololi kwa mafuta taa, akazikausha, akapaka grisi kwa kidole cha shahada, ya kutosha kujaza nafasi bila kufurika.

Kurudisha kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Nati inayoingia kwenye plastiki haitaki nguvu. Ikikazwa kupita kiasi nyuzi zake hulika na kazi yote huanza upya. Fundi alizishika spana karibu na kichwa badala ya mwisho wa mpini, ili mkono usipate nguvu ya kuharibu. Alipomaliza aliuinua mtambo, akazungusha pedali kwa mkono na kutega sikio. Hakuridhika. Alilegeza bolti moja robo mzunguko, akasikiliza tena, akatabasamu. Mwisho akakagua pini ndogo inayoshikilia pangaboi kwenye shafti. Pini hiyo ni laini kwa makusudi: pangaboi likigonga kisiki, pini hukatika na gia husalimika. Alimpa kijana pini tatu za akiba ndani ya mfuko mdogo akamwambia aufunge kwenye kiti chenyewe, mahali ambapo mkono unafika bila kusimama.

Mwendesha baiskeli angeitambua mara moja hatua iliyofuata. Kijana alikaa ndani ya kayaki, bado juu ya stuli, na fundi akasogeza kiti mbele na nyuma akitazama goti. Pedali inapokuwa mbali kabisa, goti linapaswa kubaki limepinda kidogo. Likinyooka kabisa, nyonga huyumba na mgongo hulipa. Likipinda sana, mapaja huchoka mapema. Fundi hutumia kipimo hicho hicho kwa kila tandiko analofunga. Tofauti ni kwamba hapa uzito wa mwili haushuki juu ya pedali. Nguvu hutoka mgongoni, hupita nyongani na kusukuma mbele, kwa hiyo kiti kisicho imara humeza nusu ya kazi. Kijana alianza kupiga pedali kwa pupa, pangaboi likivuma hewani. "Usipige teke. Sukuma, halafu acha mguu mwingine urudi." Walikaa hivyo mpaka mlio ukawa mmoja, usiopanda wala kushuka.

Siku nyingine waliipeleka kayaki kwenye bwawa la kuogelea, na huko kijana alifundishwa jambo moja tu: kuanguka. Akiwa na jaketi la kujiokolea limefungwa vifungo vyote, alipinduka, akaigeuza kayaki, akalala kifudifudi katikati yake, akapiga maji kwa miguu mpaka tumbo likapanda, kisha akajigeuza na kukaa. Alirudia mpaka fundi akaacha kumwelekeza.

Naivasha ni ziwa la maji baridi lililo mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, lisilo na mto unaotoka juu ya ardhi, na Mto Malewa ndio unaolilisha zaidi. Besi si mwenyeji wa asili. Aliletwa kutoka Amerika Kaskazini mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na kamba wa maji baridi wa Louisiana waliotiwa ziwani mwaka 1970 wakawa chakula chake. Jina lake la kisayansi ni Micropterus salmoides. Mdomo wake ni mkubwa, taya ya juu ikipita nyuma ya jicho, na tabia yake ni ya kuvizia: hukaa kando ya mafunjo, chini ya majani yanayoelea au ubavuni mwa gogo, akingoja mawindo yapite. Anayemtafuta hupitisha chambo pembeni ya maficho hayo, tena na tena, bila kuyasumbua.

Ndiyo maana fundi alifunga chambo kwa uangalifu mkubwa. Alipitisha risasi ndogo yenye ncha kwenye mshipi, kisha akakunja mshipi mara mbili na kuupenyeza kwenye jicho la ndoana. Akafunga fundo la kawaida kwa mshipi uliokunjwa, akaivusha ndoana yote ndani ya kitanzi, akalilowesha fundo kwa mate na kulivuta taratibu. Fundo likivutwa kavu, msuguano huuchoma mshipi na kuudhoofisha mahali ambapo mtu hawezi kuona. Mnyoo wa plastiki alitobolewa kichwani, akavutwa mpaka kwenye pingili ya juu ya ndoana, akageuzwa, na ncha ikafichwa ndani ya mwili wake. Kwa namna hiyo ndoana hupita katikati ya majani bila kunasa, na hujitokeza tu samaki anapouma.

Niliandamana nao kwa pikapu hadi Naivasha kupitia Mai Mahiu, kayaki ikiwa imefungwa kwa mikanda mipana iliyokazwa kiasi, kwa kuwa polithini ikibanwa sana juani hubonyea. Ufukweni fundi hakuharakisha kuishusha. Alizungumza kwanza na nahodha mwenyeji, akataka kujua viboko wamelala wapi asubuhi hiyo. Viboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, na kayaki ni chombo cha chini mno kukutana nao. Walisubiri jua lipande. Boti ya injini ya nahodha ilitangulia, na njia waliyofuata ilikuwa ile aliyoichagua yeye. Kasia lilifungwa ubavuni, maana mtambo wowote unaweza kuharibika na lazima mtu aweze kurudi.

Fundi aliingia kwanza ili kijana, akiwa ndani ya boti, aone. Aliuteremsha mtambo alipopata kina cha kutosha, akasogea mpaka ukingo wa mafunjo, na hapo nikaelewa kwa nini watu hutaka pedali. Upepo mwepesi ulikuwa ukimsukuma kuelekea mafunjo. Mwenye kasia angelazimika kuweka ufito wa kuvulia chini kila mara ili ajirekebishe. Fundi alipiga nusu mzunguko nyuma, akangoja, akapiga robo mbele. Umbali kati yake na mafunjo haukubadilika. Mkono wa kushoto uligusa wenzo wa usukani mara chache. Wa kulia ulikuwa na ufito muda wote. Alitupa chambo pembeni ya majani, akakiacha kizame, akainua ncha ya ufito kidogo, akaacha tena. Alisogea upana wa kayaki moja na kurudia. Alifanya hivyo ukingo mzima bila kuongeza mwendo na bila kuruka sehemu.

Mshipi uliposogea kando, alihesabu kimya, akakaza, akavuta. Miguu ilikwishaanza kurudi nyuma, ikimtoa samaki kwenye mafunjo kabla hajajizungushia mizizi. Besi aliruka, akatikisa kichwa, akazama, na fundi akamfuata kwa pedali badala ya kumlazimisha kwa mshipi. Alimshika taya ya chini kwa kidole gumba, akamkinga tumbo kwa mkono mwingine, akaitoa ndoana kwa koleo. Alikuwa mdogo. Akamrudisha majini, akimshika wima mpaka alipoondoka kwa nguvu zake mwenyewe. Kisha akampisha kijana kitini, akasogeza kiti kifuate urefu wa miguu yake, na somo likaanza upya.

Walitoka majini kabla ya upepo wa mchana kuchafua ziwa. Kabla ya kufunga mizigo, fundi na kijana walipekua kisima cha mtambo, mabawa ya pangaboi na mitaro ya usukani, wakaondoa kila jani. Gugumaji lilionekana Naivasha mwaka 1988, na kipande kidogo kikipanda kayaki kinaweza kushuka katika bwawa jingine na kuota. Kayaki ilisuguliwa na kukaushwa pale pale.

Huko Umoja kijana ndiye aliyeufungua mtambo, akapanga bolti na kutafuta mshipi nyuma ya pangaboi, fundi akitazama tu. Mtu wa mitaa yetu anayetamani uvuvi huu hudhani kwamba ujuzi wake uko mbali, kwa wenye vilabu na fedha. Fedha zinahitajika, kayaki hizi si rahisi. Lakini mikono inayojua gololi iliyochoka kwa mlio wake, inayopima tandiko kwa goti na kuiunganisha polithini kwa moto, ipo Umoja, ipo Kariobangi, ipo Kayole, na inafanya kazi kila siku kando ya barabara. Anayetaka kuanza aende akakae karibu na mikono hiyo kabla ya kununua hata ndoana moja.