Luteni Uhura na Ukuta wa Anga

Gemu la kompyuta la Star Trek, lile la zamani kabisa, halina picha. Ukilifungua unakuta herufi na alama tu. Nyota ni kinyota cha taipureta. Adui Klingon ni herufi K kati ya alama mbili za kujumlisha. Wewe mwenyewe, nahodha wa chombo cha Enterprise, ni kinyota kilichobanwa na mabano mawili yenye ncha. Yaliyobaki yote unayasoma, na ndiyo maana nalileta hapa kwa watu wa vitabu.

Tena lilisambaa kwa kitabu kweli. Mike Mayfield, kijana wa sekondari huko California, aliliandika mwaka 1971 kutokana na tamthilia iliyorushwa na televisheni ya Marekani kati ya 1966 na 1969. David Ahl akaliingiza kwenye kitabu chake cha magemu mwaka 1973. Bob Leedom akalipanua, na toleo lake likatoka katika kitabu cha Ahl cha 1978. Msomaji alikaa na ukurasa mbele ya mashine, akanakili mstari mmoja baada ya mwingine. Ukikosea alama moja, programu inagoma.

Kama maandishi, jamani, linajua kubana maneno. Anga yote ni miraba 64, na kila mraba una vyumba vyake 64. Unapewa nishati 3,000, makombora 10 na siku za kuhesabu. Ukipima miraba ya jirani, kila mmoja unakujibu kwa tarakimu tatu: Klingon wangapi, vituo vya kujazia nishati vingapi, nyota ngapi. Ukiona 305 unajua umekwisha: maadui watatu, kituo hakuna, nyota tano za kukuzibia njia. Tarakimu tatu tu, na hofu imeshaingia.

Wenzako chombonimo pia wapo kwa sentensi. Spock anakuarifu kwamba maadui hawaonekani. Sulu anakwambia umeandika mwelekeo usioeleweka. Na Luteni Uhura? Hapo ndipo gemu linaponikera.

Jina lake limetoka kwetu. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na neno hilo likageuzwa kidogo likawa jina la mhusika. Kwenye tamthilia Uhura ni Mwafrika anayejua Kiswahili, na kinasikika katika "The Man Trap" ya 1966 na "The Changeling" ya 1967. Ni nafasi finyu, lakini mtu yupo.

Katika toleo la 1978, Uhura anajitokeza ukijaribu kutoka nje ya miraba 64. Anakuletea ujumbe wa makao makuu: ruhusa ya kuvuka ukingo wa anga imekataliwa, zima injini. Basi. Uhuru amepewa kazi ya kutangaza kwamba hapavukwi.

Najua sababu ni ya kiufundi. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na jedwali lazima liishie mahali. Leedom angeweza kuandika tu kwamba namba imezidi. Badala yake alilivisha jedwali sare ya jeshi, likawa amri. Ni ufundi mzuri wa hadithi, na ni uongo uleule ambao mipaka mingi imejengwa nao.

Sisi tulio Mtwara tunaujua. Mto Ruvuma unaonekana kama mpaka wa asili, lakini mwaka 1894 Wajerumani walijichukulia Kionga, upande wa kusini wa mdomo wa mto, na Wareno wakairudisha mikononi mwao 1916. Mstari ulihama, Wamakonde wakabaki pande zote mbili, na bado wapo. Mwaka 1964 vita vya uhuru wa Msumbiji vilipoanza, kuvuka mto huu ndiko kulikokuwa uhuru wenyewe. Mwaka 2021, baada ya Palma kushambuliwa, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika hadharani kwamba maelfu ya watu wa Cabo Delgado waliokimbilia kwetu walirudishwa kupitia Negomano. Hao walisomewa sentensi ileile ya Uhura, na hawakuwa na mchezo mwingine wa kuanza.

Simlaumu Leedom kwa Ruvuma. Namsoma kama tunavyomsoma mwandishi yeyote: kwa jinsi anavyogawa maneno kwa wahusika wake. Spock kapewa maarifa, Uhura kapewa katazo.

Gemu bado linapatikana na halihitaji kompyuta ya maana. Ukilicheza, Klingon wasubiri kidogo. Peleka chombo ukingoni kwanza, usome kinachoandikwa, uangalie aliyepewa kukisema ni nani.