Sikio la Mwongozaji: Fani ya Kulipokea Jibu la Watazamaji

Miongoni mwa aina zote za filamu fupi, ile inayochanganya mapambano na vichekesho ndiyo inayojibiwa upesi zaidi na watazamaji, na ndiyo inayoumbuka upesi zaidi jibu hilo linapokosekana. Mtazamaji wa filamu ya huzuni anaweza kuguswa bila kutoa sauti yoyote, na mwongozaji aliyeketi safu ya nyuma asitambue kama ukimya ule ni wa majonzi au wa usingizi. Lakini kichekesho kisichochekwa hujulikana papo hapo, na pigano linalochekwa pale lilipokusudiwa kutisha huwa limekwisha kuharibika kabla aliyepigwa hajagusa sakafu. Fani inayosifiwa katika insha hii haitajwi katika orodha ya majina inayopita mwishoni mwa filamu, nayo ni ile ya kulisikiliza jibu hilo, kulipima, kisha kulirudisha kwenye meza ya uhariri likiwa limegeuka kuwa mkato mfupi zaidi, sauti iliyoongezwa, au tukio jipya kabisa.

Waliolifanyia kazi jambo hili kwa bidii ya pekee walikuwa wachekeshaji wa sinema bubu nchini Marekani katika miaka ya 1920, wakati ambapo vichekesho vingi vilikuwa filamu fupi za rili mbili. Rili ni gurudumu la utepe wa filamu wenye urefu wa futi 1,000 hivi, unaochukua dakika kumi au zaidi kidogo kuonyeshwa, kwa hiyo filamu ya rili mbili ilikuwa na takribani dakika ishirini za kukimbizana, kuanguka, kupigana na kuponea chupuchupu. Kati ya 1920 na 1923 Buster Keaton alitoa filamu 19 za namna hiyo kutoka studio yake ndogo mjini Los Angeles, na mwenzake na mshindani wake Harold Lloyd alikuwa akifanya kazi katika mji huohuo. Desturi yao ilikuwa kuichukua filamu kabla haijakamilika na kuipeleka kwenye ukumbi wa kawaida, mara nyingi mbali kidogo na wenzao wa kazi, ambako watazamaji waliolipa kiingilio kwa ajili ya filamu nyingine walionyeshwa hii bila kuandaliwa. Hilo ndilo onyesho la majaribio, na ubora wake wote ulitokana na kwamba watazamaji wale hawakuwa na sababu ya kumpendeza mtu.

Lloyd aliligeuza onyesho la majaribio kuwa karibu mfumo wa kazi. Filamu yake fupi ya 1921 iitwayo I Do ilikuwa na rili tatu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umepoa kwa muda mrefu mno kabla haujaanza kucheka, aliiondoa rili ya kwanza na kuitoa filamu ikiwa na rili mbili zilizobaki, ambazo zilichekesha vizuri zaidi bila utangulizi wake. Miaka minne baadaye, katika The Freshman, alijifunza somo la upande wa pili. Humo kijana anakwenda kwenye dansi ya chuo akiwa amevaa suti iliyoshikizwa kwa nyuzi za muda tu, nayo inamwachia kipande kimoja baada ya kingine, na Lloyd alikuwa ameapa kwamba suruali haitavuka, kwa sababu mchekeshaji anayevuliwa suruali ni kituko kilichochakaa. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika. Walikuwa wameona koti likifumuka na mikono ikitoka, na wakawa wanangoja deni lililobaki. Lloyd alirudi studio, akapiga picha upya, na suruali ikavuka. Ni rahisi kusema kwamba hapo msanii alishindwa na umati, lakini umati ule haukuwa ukidai kitu kipya, bali ulikuwa unaukumbusha mpangilio wa filamu ahadi uliyokuwa umeitoa wenyewe.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa Keaton katika Seven Chances ya 1925, filamu ndefu ambayo hata hivyo ilijengwa kwa mantiki ileile ya filamu zake fupi. Shujaa wake anakimbizwa na kundi kubwa la wanawake waliovaa mashela ya harusi, na katika toleo lililopelekwa kwenye majaribio mkimbizano huo ulififia na kuisha bila kilele. Karibu na mwisho, Keaton alipokuwa akiteremka mlima mbio, aligonga jiwe moja kwa bahati mbaya, nalo likagonga mengine mawili, na mawe matatu yakaanza kubingirika nyuma yake. Ukumbi uliokuwa umeanza kutulia ukaamka. Timu yake iliurudisha utepe kwenye mashine na kuuchunguza ili kujua kilichochekesha, kisha wakatengeneza mawe ya bandia yapatayo 1,500 kwa maelezo ya Keaton mwenyewe, mengine madogo kama chungwa na mengine marefu kumpita mtu, wakarudi mlimani kulipiga picha poromoko zima ambalo leo ndilo sehemu inayokumbukwa zaidi katika filamu hiyo. Linalostahili kuangaliwa hapa ni uwiano kati ya jibu na tendo lililofuata: watazamaji walitoa kicheko kimoja kifupi kwa jambo ambalo halikupangwa, na kutokana na kicheko hicho fundi alisoma hitaji ambalo hakuna mtazamaji hata mmoja angeweza kulieleza kwa maneno, yaani kwamba mtu aliyekwisha kukimbizwa na umati wote ule alihitaji adui mkubwa zaidi, asiye na nafsi wala nia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Keaton alikuwa amepata jibu gumu zaidi kulifasiri. Katika The Navigator, shujaa anashuka chini ya bahari akiwa na vazi la mpiga mbizi ili kuitengeneza meli, huku msichana aliyebaki sitahani akikabiliwa na hatari ya watu wanaotoka kisiwani. Kulikuwa na kituko kilichogharimu kazi nyingi na samaki wengi wa bandia: kundi la samaki linapita, samaki mkubwa anakosa nafasi ya kukatiza, na mpiga mbizi anaokota kiti cha pweza, anakibandika kifuani kama beji ya polisi, kisha anayaongoza makundi ya samaki kwa mikono kama askari wa barabarani. Kipande hicho kilipotiwa katika trela, yaani filamu fupi ya kutangaza filamu, kilichekwa sana. Kilipowekwa mahali pake ndani ya filamu, ukumbi ulinyamaza. Samaki walikuwa walewale na mwigizaji yuleyule, wala hapakuwa na kosa katika upigaji picha. Maelezo aliyoyafikia Keaton ni kwamba shujaa alikuwa ameshuka kwa kazi ya kumwokoa msichana, na watazamaji hawakuweza kumsamehe kwa kuiacha kazi hiyo ili acheze na samaki. Kituko kikaondolewa, ingawa kilikuwa kizuri.

Kisa hiki kina uzito kuliko cha mawe, kwa sababu kinaonyesha kwamba jibu la watazamaji haliwi kamwe juu ya kipande kimoja peke yake. Mwongozaji asiyejua kusikiliza angetoka ukumbini akidhani samaki hawachekeshi, akatengeneza samaki wengine kwa gharama nyingine. Anayejua hulichukua jibu kama homa, ambayo huthibitisha kuwa mwili una maradhi lakini haitaji jina la maradhi yenyewe. Mtazamaji ni shahidi wa kuaminika sana kuhusu dakika aliyochoka na shahidi dhaifu kuhusu kilichomchosha, kwani uchovu wa dakika ya kumi mara nyingi hupandwa katika dakika ya tatu, pale lengo la shujaa lilipoachwa bila kuelezwa vizuri.

Kicheko pia kina urefu wake, na urefu huo ni kipimo cha kiufundi. Katika sinema bubu kicheko kirefu hakikufunika neno lolote, lakini filamu zilipopata sauti, mzaha wa pili ulianza kuzama ndani ya kicheko cha kwanza. Ndiyo maana mwaka 1935, kabla ya kupiga picha A Night at the Opera, ndugu wa Marx walizunguka na sehemu za filamu hiyo wakiziigiza jukwaani katika miji ya magharibi ya Marekani, ili wajue mizaha ipi inashika na kila kicheko kinadumu kwa muda gani, na filamu ikaachiwa nafasi zinazolingana. Suluhisho hilo lilizaa tatizo lake, kwa sababu nafasi iliyopimwa kwa ukumbi wenye mamia ya watu huonekana kama pengo kwa mtu anayeangalia peke yake nyumbani. Mtengenezaji wa leo, ambaye filamu yake fupi itaangaliwa zaidi kwenye simu kuliko ukumbini, analazimika kuamua anahariri kwa ajili ya sikio lipi, na uamuzi huo hauna kanuni.

Upande wa mapambano una masharti yake. Ngumi ya filamu haimfikii mpigwaji; kamera huwekwa mahali ambapo pengo kati ya ngumi na shavu halionekani, kichwa hugeuka kwa wakati wake, na mlio wa pigo huongezwa baadaye. Kimojawapo kikichelewa hata kidogo, watazamaji hucheka, na kicheko hicho ni cha kejeli, ambacho sikio lililozoea hukitofautisha na kile cha furaha kwa jinsi kinavyoanza kwa mtu mmojammoja badala ya kulipuka kwa pamoja. Katika Hong Kong ya miaka ya 1980 watengenezaji walikwenda kuketi katika maonyesho ya usiku wa manane yaliyotangulia uzinduzi, wakapokea zomea na shangwe za watazamaji wasio na simile, na filamu iliweza kukatwa upya kabla ya kuanza kuonyeshwa rasmi. Jackie Chan alikulia katika sinema ya namna hiyo, na deni lake kwa Keaton liko wazi katika Project A Part II ya 1987, ambamo ukuta mzima unamwangukia naye anapona kwa kusimama panapopita uwazi. Keaton alikuwa ameufanya mchezo huo katika filamu fupi One Week ya 1920 na kuukuza kwa ukuta mzito wa kweli katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928.

Kuna jibu moja ambalo fundi mwenye busara hulipokea kwa shukrani kisha asilitumie, nalo ni la ndugu na marafiki, ambao huwa wamekwisha kuandaa hongera kabla taa hazijazimwa. Na kuna hukumu nyingine inayopaswa kutengwa na jibu la ukumbi, yaani ile inayotolewa juu ya thamani ya filamu nzima. The General, ambayo Keaton aliitoa mwishoni mwa 1926, haikulipa gharama zake na wahakiki wengi wa Marekani waliipokea kwa ubaridi, ilhali baadaye imehesabiwa miongoni mwa kazi bora za sinema bubu. Watazamaji wa wakati fulani wanaweza kusema kweli kuhusu kila kituko na bado wakakosea kuhusu jumla yake, kwa kuwa jumla hupimwa kwa mazoea, na mazoea hubadilika.

Afrika Mashariki imelipa jibu la mtazamaji umbo ambalo wachekeshaji wa Los Angeles hawakulijua. Katika vibanda vya video, ambavyo Dar es Salaam huvibatiza vibanda umiza, filamu za mapigano za Hong Kong na Marekani zilipata wasimulizi wanaozifasiri na kuzitania wakati zinaonyeshwa: Tanzania ilimpata Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, na Uganda ikawa na kundi kubwa la wale wanaoitwa VJ. Msimulizi huyu huketi upande wa watazamaji lakini husikika kama sehemu ya filamu. Huwataja mashujaa kwa majina ya mtaani, huonya kabla ya pigo, hucheka kwa niaba ya ukumbi, na pale filamu inapopwaya huijaza kwa maneno. Mwongozaji akitaka kujua mahali kazi yake inapopwaya, angeanza kwa kusikiliza pale VJ anapoongea mfululizo.

Nabwana I.G.G., mwongozaji wa mtaa wa Wakaliga mjini Kampala na mwanzilishi wa Ramon Film Productions, kampuni iliyokuja kujulikana kama Wakaliwood, alizalia filamu zake katika mazingira hayo. Who Killed Captain Alex? ya 2010 ilitengenezwa kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa bunduki za vyuma chakavu zilizoundwa na Dauda Bisaso na kompyuta zilizokusanywa kutoka vipuri, na DVD za kampuni hiyo ziliuzwa na waigizaji wenyewe nyumba kwa nyumba, kiasi kwamba mtu aliyeuawa katika filamu alifika mlangoni kwa mnunuzi kupokea pesa na lawama kwa pamoja. Filamu yenyewe ina kasoro ambazo onyesho lolote la majaribio lingezigundua, kubwa kati yake ikiwa kwamba swali la jina lake halijibiwi. Lakini ndani yake anazungumza VJ Emmie, anayeshangilia, anayedhihaki, anayewatangazia watazamaji mapigano yajayo, hivi kwamba kasoro hupokewa kama mzaha wa pamoja kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kulalamika. Nakala isiyo na sauti ya VJ Emmie haipo tena, kwa hiyo mhakiki anayetaka kuitenga filamu na jibu lake, apime picha peke yake kama Keaton alivyopima samaki wake, hana cha kupimia.