Trekta Ndogo Ikishindwa Kuinua Jembe, Anzia Upande wa Kunyonya

Katika gereji za kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi mjini Kajiado, trekta ndogo isiyoinua jembe huhukumiwa upesi: pampu imekufa, tafuta nyingine. Mwenyewe ananunua pampu, ambayo ni spea ya bei kali, na muda si mrefu mikono ya nyuma inayobeba jembe inagoma tena. Nashikilia kwamba mara nyingi pampu ile ya kwanza iliuawa na hewa, na hewa yenyewe iliingilia mahali ambapo hapakuvuja hata tone.

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Massey Ferguson 135 ana sababu ya kupotea. Katika trekta ile pampu ya pistoni imezama ndani ya oili ya nyuma, ikizungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha zana za nyuma. Ikinyonya, inanyonya oili iliyoizunguka. Trekta ndogo nyingi za Kijapani zimepangwa vingine: pampu ya gia imefungwa ubavuni mwa injini, na oili inakaa nyuma kwenye giaboksi. Katikati kuna chujio, bomba refu la chuma, vipande vya mpira na oringi. Njia hiyo yote inafanya kazi kwa mvuto, si kwa presha. Kwa hiyo oringi ikikakamaa kwa joto, si lazima oili itoke nje. Hewa ndiyo inayoingia.

Kitengela iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Pampu huacha nafasi tupu, kisha uzito wa hewa ya angani ndio unaosukuma oili ije kuijaza. Hewa ya huku inasukuma kwa nguvu pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Chujio lililoziba kidogo, ambalo trekta ya pwani ingelivumilia, huku linaweza kuifanya pampu ilie.

Kilio hicho kisikilize. Pampu inayovuta hewa huvuma kwa sauti nyembamba, mikono hupanda kwa kushtukashtuka, na kijiti cha kupimia hutoka na povu. Povu linalotulia injini ikizimwa ni hewa. Weupe usioondoka ni maji. Chukua grisi nzito, injini ikizunguka taratibu, upake kila ungio la bomba la kunyonya, mikono yako ikiwa mbali na feni na mikanda. Ungio litakalobadilisha sauti likipakwa ndilo lenye kosa. Kagua pia mipira iliyobadilishwa zamani: mpira wa maji ukifungwa hapo hubonyea ukivutwa, kisha injini ikizimwa unarudi kuwa mzima machoni. Na gundi ya gaskiti iliyojazwa kwa ukarimu humeguka ikaenda kuziba njia ya oili.

Njia ya kunyonya ikiwa salama, muulize dereva: inagoma ikiwa baridi au ikiwa moto? Inayogoma asubuhi ya Julai kisha ikachangamka mchana ina oili nzito mno au chujio chafu. Huenda mtu alijazia oili ya gia ya namba 90 mahali pa oili ya trekta inayohudumia giaboksi na haidroliki kwa pamoja. Inayoinua vizuri asubuhi kisha ikalegea jua likipanda imechakaa ndani, kwa kuwa oili moto ni nyepesi na hupenya mianya iliyopanuka.

Hapo ndipo geji inapofaa. Ifunge upande wa kusukuma, oili iwe moto, usome. Trekta nyingi za ukubwa huu hudai kati ya bari 140 na 180, lakini kitabu chake ndicho chenye neno. Presha ikiwa chini, fungua kwanza vali ya usalama, maana chembe moja ya mchanga yatosha kuizuia isifunge. Kisha inua mzigo, uzime injini, usiingie chini yake. Mikono ikishuka upesi, tafuta kosa kwenye sili za silinda au kwenye vali; pampu haihusiki kabisa.

Mivujo ya nje ni rahisi zaidi, kwani vumbi la nyanda za Kapiti hugandia penye unyevu. Osha, kausha, endesha, tazama mvujo unakoanzia. Ninaouogopa ni wa sili ya shafti ya pampu, pale pampu inapozungushwa na gia za injini. Chini hapadondoki kitu, lakini oili ya nyuma inapungua na ya injini inaongezeka. Anayepima kijiti kimoja tu hataugundua. Pima vyote viwili kila asubuhi.

Kwenye hosi za presha, tundu dogo kama la sindano usilipapase kwa kidole. Pitisha kipande cha katoni. Oili ya bari 150 inaweza kutoboa ngozi na kusambaa ndani ya nyama, huku kidonda kikionekana kama mchomo wa mwiba. Oili ikikutoboa hivyo, usingoje uvimbe wala maumivu: nenda hospitali ya rufaa ya Kajiado saa hiyo hiyo, umwambie daktari waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, maana huenda ukahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.