Tasnifu ya Siku Nne

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiahirisha kazi, wengi hutoa hukumu moja tu: uvivu. Naipinga hukumu hiyo, ingawa mimi mwenyewe ni mmoja wa wakosaji.

Katika mwaka wangu wa mwisho nilichagua kuandika juu ya msamiati wa uvuvi katika Kibajuni, lahaja ya nyumbani kwetu. Vita vya Somalia vya 1991 vilitutawanya: baadhi yetu wako Kismayu na katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wengine Lamu, Mombasa na ng'ambo. Maandishi juu ya lahaja hii ni machache. Nilipewa miezi minane. Nilikusudia kumpigia simu ami yangu, mvuvi aliyeko Kismayu, kila Ijumaa nimrekodi. Sikumpigia hata mara moja.

Sikuwa nimelala. Nilihudhuria mihadhara, na jioni nilifundisha watoto ili nipate nauli. Lakini kila nilipoikumbuka kazi ile niliogopa. Niliondoka kwetu nikiwa mdogo, nikachelea ami asije akagundua jinsi nilivyoisahau lugha. Nikasema, wiki ijayo.

Zilipobaki siku nne nikaketi kuandika. Maneno niliyoyakosa niliyachukua katika Kiamu, lahaja ya Lamu, nikayaita ya Kibajuni. Nikapita, tena kwa alama nzuri. Baadaye nikamsomea ami orodha yangu kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mengi ya haya ni maneno ya jirani."

Hapo ndipo ubora wa elimu unapoumia. Husemwa kwamba anayeahirisha hujidhuru mwenyewe kwa kupata alama duni. Mimi sikupungukiwa na alama. Atakayedhurika ni mwanafunzi ajaye, atakayeikuta nakala yangu maktabani na kuiamini, kwa kuwa hana vitabu vingi vya kulinganisha.

Dawa yake si mahubiri. Mwaka 2002 watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walionyesha kwamba wanafunzi waliowekewa tarehe zilizogawanywa sawasawa katika muhula walipata alama bora kuliko walioachiwa wajipangie wenyewe. Ami hajausoma utafiti huo, lakini hangoji kaskazi ianze ndipo ashone nyavu na kukalafati dau. Sisi tuliwekewa tarehe moja tu, ya mwisho. Lau ningedaiwa rekodi ya kwanza katika mwezi wa pili, hofu yangu ingejulikana mapema, na msimamizi angenisaidia.

Hata hivyo, kuandika nisichokijua lilikuwa kosa langu, si la ratiba. Nimeomba karatasi ya masahihisho ibandikwe kwenye nakala ya maktaba. Ijumaa iliyopita mimi na ami tulimaliza majina ya sehemu za dau. Ijumaa hii tunaanza nyavu.